Kambi ya Mwisho Kabla ya Kuhama: Namna ya Kupanga Safari ya Kuaga na Familia

Mara ya kwanza tulipohama, safari ya kuaga tuliiweka katika wiki ya mwisho. Nyumba ilishajaa maboksi, na simu ya msafirishaji wa mizigo iliita kila tuliposimama kujaza mafuta. Usiku wa kwanza kambini mimi na baba watoto tulikaa garini tukiandika orodha ya vitu vilivyobaki kufungwa, watoto wakituchungulia kutoka mlangoni mwa hema. Picha tulipiga nyingi. Nikizitazama leo naona watu waliochoka. Tukiwa njiani kurudi, binti yetu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza: "Mama, kwani tumeshaaga?" Nilikosa la kumjibu.

Tulipohama mara ya pili tulijipanga vingine, na mwongozo huu umetokana na mara hizo mbili. Ninalolisisitiza ni moja: ipeni safari hii nafasi. Mahali pachache, mwendo mfupi, na saa nyingi zisizo na ratiba. Kuaga hakuharakishwi, na mtoto hawezi kuaga huku anaitwa apande gari.

Hatua ya 1: Weka tarehe kabla hujanunua boksi hata moja

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuhama. Wiki tatu kabla ni wakati mzuri. Wiki mbili inawezekana. Ndani ya siku kumi za mwisho usijaribu, kwa sababu siku hizo ndizo za kukabidhi funguo, kusaini karatasi na kutafuta kitu ambacho kila mtu alidhani mwenzake amekifunga. Mkienda wiki tatu kabla, mtapata pia muda wa kuosha na kukausha hema mkirudi, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu lina uzito kuliko linavyosikika.

Siku nne, usiku tatu, zinatosha familia nyingi. Usiku mmoja haufai: jioni ya kwanza yote inaishia kwenye kusimamisha hema, na asubuhi yake mnalikunja.

Mkishapata tarehe, fanyeni mambo mawili siku hiyohiyo. Kwanza, kusanyeni vifaa vyote vya kambi kwenye kona moja ya nyumba na kubandika karatasi kubwa: USIFUNGE. La sivyo mtakuja kutafuta vigingi vya hema chini ya maboksi ya vyombo. Pili, mwambieni anayeshughulikia mizigo yenu ni siku zipi hamtapatikana. Mpeni saa moja kwa siku, tuseme saa moja jioni, ambapo simu itawashwa. Nje ya hapo, asubiri. Nimegundua kwamba watu husubiri vizuri wakiambiwa mapema.

Pasi za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya kuhama haviendi kambini. Mvua moja au begi moja likiibwa, uhamaji wote unasimama. Viacheni kwa ndugu mnayemwamini, na mbaki na nakala kwenye simu.

Hatua ya 2: Kila mmoja aandike mahali pake

Gawa vikaratasi. Kila mwanafamilia, hata anayejua kuchora tu, aandike mahali pamoja ambapo angependa kupaona kabla ya kuondoka. Msijadiliane kwanza, kwa kuwa mkijadiliana watoto wataandika wanachodhani wazazi wanakitaka.

Mimi nilikuwa na uhakika kijana wetu ataandika ufukweni, tulikokwenda kila likizo. Aliandika daraja. Ilituchukua muda kukumbuka ni daraja lipi: daraja dogo la zege ambapo gari letu liliwahi kuharibika tukakaa saa tatu, yeye na baba yake wakirusha mawe mtoni kungoja fundi. Kwetu ilikuwa siku mbovu. Kwake ilikuwa siku aliyompata baba yake peke yake. Tulisimama pale saa nzima, na nawaambia ukweli, kituo kile kilikuwa na maana kuliko vingine vyote.

Kisha chukueni ramani na mpunguze. Kwa usiku tatu, kambi ziwe mbili tu, na ikiwezekana iwe moja. Sehemu nyingine ziwe vituo vya njiani. Mahali papya msiweke zaidi ya pamoja. Safari ya kuaga ni ya kupatembelea mlipopazoea, na mahali papya panadai nguvu ya kupazoea.

Pimeni njia kwa saa. Kilomita hazisemi kitu kuhusu barabara mbovu au foleni. Mkiwa na watoto wadogo, saa nne za kuendesha kwa siku ni nyingi tayari. Simameni kila baada ya saa mbili, angalau robo saa, dereva ashuke atembee. Muwe mmefika kambini saa mbili kabla ya jua kuzama, maana kusimamisha hema gizani huku mtoto analia njaa ni namna mbaya ya kuanza. Pigeni simu kwenye eneo la kambi kabla ya kuondoka mkaulize manne: nafasi ipo, maji yanapatikana, moto unaruhusiwa, na geti linafungwa saa ngapi.

Kama kuna wazee au marafiki wa kuaga ana kwa ana, wapangeni mwanzoni au katikati ya safari. Ukiweka nyumba ya bibi siku ya mwisho, mtafika mmechoka, mnanuka moshi, na jicho liko kwenye saa. Bora zaidi, muulizeni kama angependa kuja kulala usiku mmoja nanyi. Wazee wengi hukubali kuliko tunavyodhani, wakihakikishiwa kiti cha kukaa na godoro lisilo chini kabisa.

Hatua ya 3: Gari

Mpelekee fundi wiki moja kabla, ili likikutwa na ubovu pawe na muda. Aangalie breki, betri, mikanda, maji ya rejeta, oili, taa zote na wipa. Wewe mwenyewe shughulika na matairi. Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi likishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho fremuni mwa mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, na magari mengi yana viwango viwili: cha gari tupu na cha gari lililojaa. Ninyi mtakuwa mmejaa. Pima na tairi la akiba. Wengi huligundua halina upepo siku wanapolihitaji. Nchi nyingi zinataka mistari ya tairi iwe na kina kisichopungua milimita 1.6, lakini kwenye mvua tairi huanza kuteleza kabla ya kufikia hapo. Likikaribia kipara, libadilishe.

Mizigo mizito ikae chini, katikati ya gari, karibu na mgongo wa siti za nyuma. Juu ya keria weka vyepesi tu: magodoro, mifuko ya kulalia, mablanketi. Mzigo mzito juu ya paa hulifanya gari kuyumba kwenye kona na kwenye upepo, na kila keria ina kikomo cha uzito wake. Ndani ya gari pasibaki kitu kizito kisichofungwa. Sufuria iliyoachwa dirishani nyuma hugeuka kombora siku ya breki ya ghafla.

Hema liingie mwisho, ili litoke kwanza. Mkifika mvua inanyesha, mtanishukuru.

Hatua ya 4: Simamisha hema nyumbani

Jioni moja kabla ya safari, litoe hema lote, lisimamishe uani, au walau litandaze sebuleni. Hesabu vigingi na ongeza vinne. Angalia zipu, angalia mishono, angalia kama fito yoyote imepasuka. Tulipolifungua letu mara ile ya pili, zilidondoka sakafuni chembe za mchanga na jani moja dogo kavu la msonobari. Watoto walibishana ni la kambi ipi. Ubishi ule ulidumu mpaka wakati wa kulala, na kila hoja ilikuja na kisa chake. Bila mtu kupanga, kuaga kulishaanza.

Neno moja kuhusu ukubwa: hema linaloandikwa la watu wanne huwa na maana ya magodoro manne yaliyobanana, bila begi hata moja. Familia ya watu wanne ichukue la watu sita. Na kila mlalaji awe na kitu kinene chini yake, kwa sababu baridi ya usiku hutoka ardhini kuliko hewani. Blanketi mbili juu na mkeka mwembamba chini ni kukesha.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Hapa msijisumbue. Chakula cha usiku wa kwanza kipikwe nyumbani, kifike cha kupasha tu. Siku nyingine pikeni vile ambavyo familia yenu inavipenda na inavijua. Hii si safari ya kujaribu mapishi.

Bebeni lita nne za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, zaidi kukiwa na joto. Maji ya mto au kisima msiyoyajua yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Vyakula vinavyoharibika vikae chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kipande kikubwa cha barafu hudumu kuliko vipande vidogo, na chupa za maji zilizogandishwa hufanya kazi mbili: hupoza, kisha mnazinywa. Chakula kilichokaa nje ya baridi kwa zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto kali, kimwageni bila huruma. Kuharisha hemani hakuna dawa.

Hatua ya 6: Mkifika kambini

Kabla ya kushusha chochote, tazama juu. Tawi lililokauka juu ya hema ni hatari usiku wa upepo. Halafu tazama chini: tafuteni mahali tambarare, palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji hata kama umekauka. Mvua inayonyesha mbali, msikoiona, huweza kujaza korongo mlilolala ndani yake. Mlango wa hema usielekee upepo. Moto uwe mbali na hema, upande ambao upepo unazipeleka cheche nje ya kambi.

Sasa jambo ninalowaomba mlishike kuliko mengine yote: jiko lisiingie hemani. La gesi, la mkaa, hata lile la mkaa unaoonekana kama umeshazimika. Vyote hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya hema, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mtafute msaada wa daktari. Kukiwa na baridi, vaeni soksi kavu, jazeni chupa maji ya moto muiweke miguuni, mlale karibu. Jiko libaki nje.

Mkisikia ngurumo, hema halikingi radi. Ingieni garini, fungeni milango na madirisha, mkae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usiku ule wa pili sisi tulikaa garini karibu saa mbili, watu watano na mbwa, na ndipo bibi yao alipowasimulia watoto jinsi baba yao alivyozaliwa usiku wa mvua kama hiyo. Kisa hicho hata mimi sikuwa nimekisikia.

Pasipo na choo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji yoyote, mfukie. Chakula na takataka msilale navyo hemani. Harufu huita wanyama.

Hatua ya 7: Kuaga kwenyewe

Kila siku acheni angalau saa mbili ambazo hazina jina. Hakuna matembezi, hakuna picha, hakuna "twende tukaone". Mtoto akitaka kukaa kwenye jiwe lake akaangalia maji, akae.

Jioni, moto ukishashika, kila mmoja ataje kitu kimoja atakachokikumbuka na kitu kimoja anachokiogopa huko mnakokwenda. Wazazi waanze, na waseme kweli. Baba watoto alisema anaogopa kwamba hatakuwa na mtu wa kumpigia simu gari likiharibika usiku. Kilipita kimya, halafu kijana wetu, aliyekuwa amenuna tangu tulipotangaza kuhama, akasema yeye anaogopa kula peke yake shuleni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema chochote. Hatukumshauri. Baba yake alimsogezea blanketi tu.

Kijana mkubwa asiyetaka kuja msimburute, lakini msimwache nyumbani kwa urahisi. Mpeni kazi yenye uzito: yeye ndiye msoma ramani, au ndiye mwenye moto. Akitaka rafiki yake aje usiku mmoja, mruhusuni. Anayemuaga ni rafiki huyo zaidi kuliko ziwa au mlima.

Msitoe ahadi msizoweza kuzitimiza. "Tutarudi kila mwaka" humtuliza mtoto kwa usiku mmoja na kumvunja moyo mwaka mzima. Semeni mnachokijua: tutampigia bibi kila Jumapili, picha zitakuwepo, na hatujajua lini tutarudi.

Kwenye picha, pigeni vitu vidogo: mikono ya babu ikifunga kamba, viatu vilivyopangwa mlangoni mwa hema, sufuria yenye kovu la kuungua. Na rekodini sauti. Wekeni simu kwenye jiwe karibu na moto, muiache irekodi mazungumzo nusu saa, mtoto akikatiza, kuni zikipasuka. Mkirudi, hifadhini nakala mbili mahali tofauti, na muandike tarehe, mahali na majina ya waliosikika.

Watoto watataka kubeba jiwe, mbegu, kijiti. Kwenye hifadhi nyingi hairuhusiwi kuchukua chochote. Na kama mnahamia nchi nyingine, udongo, mbegu na mbao mbichi huzuiwa mipakani kwa kuogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Wachore jiwe kwenye daftari, au waweke karatasi juu yake na kusugua penseli mpaka mikwaruzo yake itokee. Binti yetu ana karatasi ya namna hiyo ukutani hadi leo.

Hatua ya 8: Kuvunja kambi

Asubuhi ya mwisho amkeni mapema kuliko mnavyodhani mnahitaji. Moto uzimwe kwa maji, makaa yakorogwe kwa kijiti, yamwagiwe tena, mpaka ukisogeza mgongo wa mkono usisikie joto. Makaa yaliyofukiwa mchanga huweza kubaki na moto ndani kwa saa nyingi, na mtoto wa familia inayofuata atayakanyaga.

Hema likikunjwa na umande, likunjue tena siku hiyohiyo mkifika nyumbani. Likikaa na unyevu siku chache tu huota ukungu, harufu haitoki na kitambaa huoza. Mkiwa mnahama ni rahisi mno kulitupia boksini "litakauka tu", kisha likae humo miezi miwili. Mkihamia nje ya nchi, osheni pia vigingi, sakafu ya hema na nyayo za viatu mpaka udongo uishe. Australia na New Zealand, kwa mfano, zinataka vifaa vya kambi na viatu vilivyotumika vitajwe kwenye fomu ya kuingilia, na maofisa huvikagua. Mitungi ya gesi haipandi ndege kabisa, na jiko lenye mabaki ya mafuta nalo hukataliwa, kwa hiyo mitungi iliyobaki mgawieni jirani.

Kama hema halitahama nanyi, mpeni mtu aliyelala ndani yake safari hii. Likihama, liwekeni pamoja na magodoro na tochi kwenye boksi moja, na juu yake muandike FUNGUA KWANZA. Mizigo mingine inaweza kuchelewa, na usiku wa kwanza katika nyumba isiyo na vitanda watoto watalisimamisha sebuleni.